Zinazozidi Ni Zako

Bakuli langu la korosho lilikuwa la bati. Nililinunua sokoni Tandahimba likiwa bakuli la kawaida, nikampelekea fundi mmoja aliyezoea kutengeneza mashine za kupulizia dawa. Akaligonga kwa nyundo taratibu kuzunguka ukingo, kutoka ndani kwenda nje, mpaka likatanuka bila kupasuka. Kwa macho huoni kitu. Lakini ukilijaza korosho, ukaziacha zisimame na nundu juu, kisha ukazimwaga kwenye mizani, unapata kilo moja na gramu 400. Mkulima alihesabiwa kilo moja.

Kwingine nchini watu wanalia na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, sisi wa Mtwara na Lindi tunalia na kangomba. Ni kipimo, na ndiyo biashara yenyewe. Unampa mkulima fedha mwezi wa pili au wa tatu, wakati wa kifuku, msimu wetu wa mvua, akiba ya chakula imekwisha na mahindi mapya bado hayajakomaa. Naye atakulipa korosho kuanzia mwezi wa kumi, kwa bakuli lako na kwa bei uliyopanga wewe. Sheria inakataza, lakini kijijini kila mtu anamjua anayenunua, na mimi nilijulikana. Nilinunua misimu minane, kuanzia 2009 hadi 2016.

Nilikuwa na kaunta buku. Kila ukurasa una jina la mtu, fedha aliyochukua, na bakuli anazodaiwa. Majina mengi yalikuwa ya wanawake, na kwa misimu yote minane sikujiuliza kwa nini.

Jioni kijiweni, mazungumzo yakifika kwenye umaskini, na kama kinachomtoa mtu humo ni juhudi au haki, mwenye sauti kubwa nilikuwa mimi. Nilisema mtu akijituma hawezi kufa maskini. Nilijitolea mfano: mtoto wa mkulima, nimemaliza darasa la saba 1992, nimekwenda Dar es Salaam kuwa machinga kama vijana wengi wa kusini, nimelala kwenye vibaraza vya Kariakoo, nimerudi na mtaji wangu, nimejenga nyumba ya bati, nina pikipiki. Nani alinisaidia? Watu wa haki, nilisema, ni watu wa kusubiri kuletewa. Vijana walinisikiliza kwa sababu pikipiki ilikuwa imeegeshwa pale pale. Na nilichosema nilikiamini kwa moyo wangu wote. Ndicho kinachoniuma ninapoandika haya.

Mwezi wa tatu 2016 alikuja kwangu bibi mmoja jirani, wa rika la mama yangu, mjane mwenye mikorosho arobaini hivi. Nilimpa shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akakataa kiti, akakaa mkekani. Alitaka shilingi 80,000 za chakula na za kuwalipa vijana wamfyekee shamba. Tukaandikiana bakuli 100. Fedha akazifunga kwenye pindo la kanga. Hakubishana bei. Ulikuwa msimu wake wa nne kukopa kwangu, na mitatu ya nyuma alilipa yote.

Kufika katikati ya mwezi wa kumi na moja alikuwa ameleta bakuli 68. Minada ya msimu ule ilikuwa imepanda kuliko tulivyozoea, na mimi nikawa na wasiwasi kwamba zilizobaki atazipeleka chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, ziuzwe mnadani. Nikamfuata shambani asubuhi. Nilimwambia nimekuja kumsaidia. Ukweli ni kwamba nilikwenda kumlinda.

Asiyewahi kuokota korosho hudhani ni kazi ya kuwapa watoto. Huzichumi mtini, unasubiri bibo, tunda linaloibeba, lianguke lenyewe na korosho yake chini. Unainama, unalishika bibo kwa mkono mmoja, korosho unaibana kwa vidole vya mkono wa pili na kuizungusha mpaka inyofoke safi. Ikibaki na nyama ya bibo, itaharibika na karani ataikataa au ataishusha daraja. Unatupa bibo, unatia korosho ndooni, unapiga hatua moja, unainama tena. Maji ya bibo yakiingia kwenye nguo hayatoki. Nzi na nyuki wako nawe tangu asubuhi mpaka jioni. Saa nne nilikuwa nimeshika kiuno. Saa saba mchana tulipotua ndoo kivulini, yangu ilikuwa moja na haijajaa. Zake zilikuwa mbili zimejaa, na ya tatu ilikuwa nusu. Alikuwa na miaka sitini na kitu, na kabla ya kufika shambani alikuwa ameshachota maji.

Nikamsifu, na nilimaanisha: "Mama, ukijituma hivi, mwakani hutakuja kukopa kwangu."

Hakuinua uso. Aliendelea kunyofoa, akasema, "Mwanangu, mimi nikijituma zaidi, zinazozidi ni zako."

Hakusema kwa hasira, wala kwa kunisuta. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia. Baadaye akanipa maji kwenye kikombe, yale aliyoyachota alfajiri, tukarudi kazini.

Usiku ule sikulala vizuri. Niliwasha taa nikafungua daftari nifanye hesabu ya ukurasa wake, kitu ambacho sikuwahi kukifanya kwa mtu mmoja mmoja. Bakuli 100 kwenye mizani ni kilo 140. Kwa bei ya minada ile, baada ya makato, ningebaki na zaidi ya shilingi 420,000. Nilikuwa nimetoa 80,000. Nikatafuta katika hesabu ile mahali juhudi zangu zilipo. Kupalilia, hakuna. Kupuliza dawa ya salfa mwezi wa sita na wa saba maua yasiliwe na ugonjwa wa ubwiriunga, hakuna. Kuokota, ndoo moja ambayo haikujaa. Kilo 40 nzima zilitoka kwenye nyundo ya fundi.

Kuna watu wa mijini huniuliza: kama mnadani bei ni nzuri, kwa nini mkulima aende kwa kangomba? Anayeuliza hivyo hajawahi kukaa mwezi wa tatu bila unga. Stakabadhi ghalani ilipoanza kwetu msimu wa 2007/08 ilileta jambo kubwa: korosho zinapimwa kwa mizani, zinawekwa ghala kuu, wanunuzi wanaweka zabuni, mkulima anajua bei ya siku. Kabla ya hapo mnunuzi alikuja na gari lake, mizani yake na bei yake. Lakini mnada uko mwezi wa kumi, na fedha zinaweza kuchelewa baada ya mnada. Mtoto hasubiri mnada ndipo augue. Mwenye akiba ndogo tu anavuka kifuku, anauza korosho zake zote kwa mizani. Asiye na akiba anaziuza mikorosho ikiwa bado haijachanua. Wote wawili wamelima vile vile. Tofauti yao ni shilingi 80,000 za mwezi wa tatu, na mimi niliishi ndani ya tofauti hiyo.

Nilipoanza kuihesabu upya habari ya yule bibi, ikabidi niihesabu na yangu.

Nilikulia kwenye uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala. Anayeijua nchi ile anajua shida yake ni maji. Ardhi ni ya kichanga, mvua ikinyesha inazama, na chemchemi ziko chini bondeni, mwisho wa miteremko. Mradi wa maji wa Makonde, wenye chanzo chake Mitema, ulianza tangu enzi za Mwingereza, lakini katika utoto wangu mabomba ya kijiji chetu yalikuwa makavu muda mwingi kuliko yalivyokuwa na maji. Wenye bati walikinga mvua kwenye visima vya saruji. Sisi tulikuwa na nyasi. Mama alikuwa akiondoka saa tisa usiku na ndoo kichwani, yeye na dada yangu, wanateremka bondeni gizani, wanapanga foleni kwenye kijito, wanapanda kilima na maji. Wakifika nyumbani jua limeshatoka. Ndipo mama anashika jembe.

Dada yangu alinizidi miaka miwili na alinizidi akili. Mwalimu alikuwa akimwita mbele atusomee. Alipofika darasa la tano akawa anachelewa, kisha anasinzia, kisha haendi siku mbili kwa wiki, kisha haendi kabisa. Hakuna aliyemkataza shule. Kichwa kimoja hakiwezi kubeba ndoo na kuwahi namba. Mimi mtoto wa kiume sikutumwa maji. Nililala mpaka kunakucha, nikanawa uso kwa maji aliyoyaleta, nikaenda shule, nikamaliza. Kisha nikasimama kijiweni miaka ishirini baadaye nikawaambia watu kwamba mimi hakuna aliyenisaidia.

Mjomba wangu, ambaye enzi za TANU alikuwa balozi wa nyumba kumi, alinisikia siku moja nikilitaja Azimio la Arusha kwa ajili ya neno kujitegemea. Akaniambia nimelisoma nusu. Azimio lile la 1967 linawasema wavivu, ni kweli, na linasisitiza bidii kuliko fedha. Lakini linasema pia kwamba kilichotufanya tuonewe na kunyonywa ni unyonge wetu, na linakiri wazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kupita kiasi. Mjomba alilikumbuka hilo la wanawake kwa sababu lilisomwa mkutanoni na kina mama wakapiga vigelegele. "Sasa mama yako," akaniuliza, "alikuwa na upungufu wa bidii?"

Sina jibu la swali hilo mpaka leo zaidi ya hapana.

Mjomba ndiye aliyenisimulia na habari ya mikorosho yenyewe, nami nikaja kuithibitisha kwa watu wa kilimo. Mwaka 1974 hivi Tanzania ilikuwa ikivuna karibu tani 145,000 za korosho, sehemu kubwa zikitoka huku kwetu. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalianguka hadi chini ya tani 20,000. Je, Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wote walishikwa na uvivu ndani ya miaka kumi? Operesheni ya vijiji iliwahamisha watu, mikorosho ikabaki kwenye mahame, mbali na walikopelekwa kuishi. Shamba la babu lilikuwa mwendo wa saa tatu kutoka kijiji kipya, likaota pori. Bei aliyolipwa mkulima ikawa haitoshi hata kumlipa mfyekaji. Ubwiriunga ukaingia, maua yakawa yanageuka meupe kama yamepakwa unga na kukauka. Watu wakaacha. Halafu watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, wakaja na salfa na miche bora, bei ikapata uhai, mizani ikaja, na msimu wa 2017/18 nchi ikavuna zaidi ya tani 300,000. Mikono ni ile ile, tena mingi ya watoto na wajukuu wa walioitwa wavivu. Bidii yao haikuzaliwa mwaka ule. Ilikuwepo ikingoja kulipwa.

Na hata mtaji wangu wa Kariakoo niliojisifu nao una historia. Nilipokwenda Dar miaka ya 1990 tulivuka Rufiji kwa pantoni, na masika basi lilikwama njiani siku tatu, mara nyingine juma zima. Mara mbili nilijaribu kuleta mzigo nyumbani, na mara zote mbili faida iliishia njiani kwa chakula cha kusubiri barabara ikauke. Nilifanikiwa kurudi na biashara baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003. Nilikuwa mtu yule yule kabla ya daraja na baada ya daraja.

Sitaki mtu anisome nikisema juhudi hazina kazi. Nina binamu aliyepata fedha nzuri mwaka 2017, wakati korosho zilipofika shilingi 4,000 kwa kilo kwenye baadhi ya minada, na kufikia mwezi wa pili hakuwa na hata ya chumvi, na si kwa sababu ya mtu yeyote isipokuwa pombe. Nilimkemea na nitamkemea tena. Zile hadithi za Dar kwamba watu wa Mtwara hunawa miguu kwa soda msimu ukifika, mimi sijawahi kuziona kwa macho, na nasikitika kila nikizisikia, maana hupewa mtu mmoja mlevi mdomo wa kusemea mamia waliojenga, waliosomesha, walionunua bati. Lakini yule bibi hakuwa mlevi. Mama yangu hakuwa mlevi. Ukiwaambia watu kama hao wajitume zaidi, unawatukana, na kama bakuli liko mikononi mwako, unawaibia pia.

Ndiyo maana leo nikiulizwa, nasema kwanza haki. Juhudi ni mali ya mtu, tayari anayo. Anachoweza kunyimwa ni thamani yake. Nami nilikuwa mmoja wa wanaonyima.

Niliacha kununua baada ya msimu ule. Watu wamesema niliacha kwa kuogopa yaliyokuja baadaye, na sibishani nao, ila tarehe zinanitetea. Novemba 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakapewa kazi ya kuzisomba, wenye mzigo mkubwa walitakiwa kuonyesha mashamba yaliyouzaa. Kuna wanaume niliowafahamu, wapambanaji wa kijiweni kama mimi, waliokuwa na tani nne na mikorosho sita. Walipoambiwa waonyeshe shamba, hawakuwa na pa kuelekeza kidole. Nilikuwa nimesimama na kadi yangu na magunia yangu matano, nikawatazama, na moyoni nikaona ukurasa baada ya ukurasa wa daftari langu.

Siku hizi ni mwanachama wa kawaida wa chama cha msingi. Kazi niliyojipa ni ndogo. Siku ya kupima nakaa karibu na mizani, na kila mama anayeleta gunia namsomea namba kwa sauti kabla karani hajaandika. Mjengeko wa bei ukibandikwa ukutani nausoma mstari kwa mstari kwa wasioona vizuri: ushuru huu, usafiri huu, gunia hili, kilichobaki chako hiki. Mwanzoni karani alinuna. Msimu mmoja tuligundua mizani ilikuwa ikila kilo moja kila gunia, na haikuwa hila, ni sahani tu iliyoinama. Ikasawazishwa. Kilo moja kwa kila gunia, kwa kijiji kizima, ni fedha ya kutosha kuanzisha mfuko wa kukopeshana wakati wa kifuku. Wanawake wameuanzisha. Riba yao ni ndogo, na anayekopa mwezi wa tatu analipa kwa fedha baada ya mnada. Hakuna bakuli.

Nirudi kwa yule bibi. Mwezi wa kwanza 2017 fedha za mnada ziliingia, nikatoa shilingi 120,000, za zile kilo 40 za nyundo, nikaenda kwake. Nakiri nilivaa vizuri. Njiani nilikuwa naisikia dua atakayoniombea.

Nilimkuta akichambua mbaazi uani. Shikamoo, marahaba. Nikamweleza: bakuli lilikuwa limetanuliwa, mizani inasema hivi, hizi ni zako. Nilidhani atashangaa, lakini hakushangaa hata kidogo. Alifuta mikono kwenye kanga, akapokea fedha, akazihesabu noti moja moja, polepole, akarudia. Akazifunga kwenye pindo. Hakunishukuru wala hakuniombea dua. Alirudisha ungo mapajani, akachambua punje tatu nne, ndipo akaniuliza kwa sauti ile ile ya shambani:

"Na za msimu uliopita? Na za ule wa nyuma yake, na wa kabla ya huo?"

Nikamwambia sikumbuki zilikuwa ngapi.

"Si unaandika?" akasema.

Nikarudi nyumbani kuchukua daftari.